“Kwetu hakuna nyumba za wazee”: Fakhari tusiyoifanyia hesabu



Ndugu wasomaji, makala haya najua yatawaudhi baadhi yenu. Mimi mwenyewe yameniudhi kabla hayajawafikia. Kuna maneno tunayoyapenda mno. Tunayasema harusini, tunayasema matangani, tunayasema barazani baada ya Isha, na mihadhara ya Ramadhani haiishi bila ya mtu kuyarudia: “Wazungu wakizeeka hutupwa na watoto wao kwenye nyumba za wazee. Sisi, alhamdulillah, kwetu hakuna mambo hayo.” Basi hapo watu hutikisa vichwa, na kila mmoja hurudi kwake ameridhika kwamba wajibu wake umetimia, hali mamake amekaa chumba cha nyuma tangu asubuhi na hakuna aliyemuuliza hata kama jana alipata usingizi.

Nasema maneno hayo si kweli. Si kweli kuhusu Wazungu, na si kweli kuhusu sisi. Na hata yangekuwa kweli, yasingekuwa jibu la swali linalopaswa kuulizwa.

Tuanze na hao Wazungu. Miaka ya 1950 Uingereza ilikuwa imeenea rai kwamba, kwa kuwa serikali sasa inatoa pensheni na matibabu, watoto wamewaachia serikali wazazi wao. Mtaalamu mmoja wa elimu ya jamii, Peter Townsend, hakutosheka na rai za barazani. Aliingia Bethnal Green, mtaa wa wafanyakazi maskini mashariki ya London, akahojiana na wazee 203 kuhusu maisha yao na jamaa zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1957. Alichokuta ni mabinti wanaoishi jirani, wanaoingia na kutoka kwa mama zao, na nyanya wanaolea wajukuu. Yaani alikuta kile kile tunachodhani ni chetu peke yetu!

Baadaye akageukia makao ya wazee yenyewe. Alizuru 173 ya England na Wales, na kitabu alichotoa mwaka 1962 kilikuwa kikali. Aliandika juu ya watu waliopoteza kazi, faragha na marafiki, wakabaki kukaa tu. Lakini hata humo hakukuta umati wa wazee waliotupwa na watoto wao. Waliozidi humo, ukilinganisha na idadi yao katika nchi, ni wale ambao hawakuoa wala kuolewa, na wale ambao hawakujaaliwa watoto. Na leo je? Sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales ilikuta kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wanaoishi kwenye makao ya kutunzwa ni wawili na nusu hivi. Waliobaki, zaidi ya 97, wako nje ya makao hayo. (Bethnal Green ya leo, kwa taarifa yenu, imejaa ndugu zetu Waislamu wenye asili ya Bangladesh, kwa hiyo tukisema “wazee wa Uingereza” tunawasema na wao.)

Sisemi Wazungu hawana tatizo. Wanalo, na wamelikiri mpaka mwaka 2018 serikali ya Uingereza ikamteua waziri wa kushughulikia upweke. Sisi tunacheka tukisikia habari kama hiyo. Lakini hebu tujiulize: mtu aliyeuhesabu upweke wa wazee wake, na mtu ambaye hajawahi hata kuuliza, nani kati yao wa kuchekwa?

Tuje kwetu sasa. “Kwetu hakuna nyumba za wazee.” Hakuna? Unguja ziko Sebleni na Welezo. Pemba iko Limbani. Nairobi kuna Mji wa Huruma. Wanaoishi humo ni wazee wetu, wanaozungumza lugha hii hii unayoisoma, na wengi tunapita na gari mbele ya milango yao bila kugeuza shingo.

Na hilo ni jepesi. Nendeni Kilifi. Kwa miaka mingi sasa katika kaunti hiyo wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee ana mvi, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, mtoto wa jirani amekufa ghafla, basi, amekwisha. Na mara nyingi ukichimba chini ya tuhuma unakuta ardhi, na ukiichimba ardhi unakuta warithi wenye haraka. Kule Ganze kuna mahali panaitwa Kaya Godoma, ambapo wazee waliotuhumiwa hukimbilia kuokoa roho zao. Basi pale ni nini kama si nyumba ya wazee? Yule mzee wa England, makao yake akiyapenda au akiyachukia, hakukimbizwa kwa panga na jamaa zake mwenyewe akayafikia usiku.

Najua wapo watakaosema, “Hao si sisi, hayo ni mambo ya bara ya Kilifi, sisi watu wa mjini hatuna hayo.” Sawa. Basi tuzungumze habari za mjini, na nitaanza na nyumba yangu mwenyewe ili nisionekane nawanyooshea wengine kidole.

Mamangu ana miaka sabini na kitu. Mwaka halisi haujulikani, kitambulisho chake kimeandikwa tarehe mosi Januari kama cha maelfu ya wenzake. Anaishi nasi katika nyumba ya ghorofa, nyumba za zamani zile, ngazi nyembamba na choo kiko chini. Usiku mmoja alianguka kwenye ngazi akavunjika mkono. Tulimkimbiza hospitali, akafungwa plasta, tukapewa dawa za maumivu, tukaambiwa tumshukuru Mungu haikuwa nyonga. Tulishukuru. Miezi miwili baadaye akaanguka tena. Ngazi ile ile, pengine kidato kile kile.

Safari ya pili tulipokuwa tunasubiri foleni, mtoto wa dadangu, ambaye anasoma chuo kikuu, alianza kuuliza maswali ambayo mimi niliyaona ya kitoto. Nyanya alikuwa anakwenda wapi usiku? Chooni. Anakwenda mara ngapi? Mara tatu, mara nne. Tangu lini? Tangu abadilishiwe dawa za presha. Anazimeza saa ngapi? Jioni. Kwa nini jioni? Kwa sababu anayempa ni mjukuu wake, na mjukuu hurudi kazini saa kumi na mbili. Na moja ya dawa zile ilikuwa ya kutoa maji mwilini. Yaani tulikuwa tunampa mama dawa ya kumpeleka chooni, halafu tunazima taa tukalale! Na taa ya ngaziniye, naona haya kuisema, ilikuwa imeungua tangu kabla ya Mfungo Mosi, na hatukuibadilisha kwa sababu tokeni za stima ni ghali na sisi vijana tunatembea na simu zenye tochi.

Tazameni basi. Daktari aliona mfupa. Duka la dawa liliona karatasi ya daktari. Aliyeijenga ngazi alifariki kabla sijazaliwa. Sisi watoto tuliona “uzee.” Hakuna hata mmoja aliyemuona mtu mzima, mwenye mfupa, na kibofu, na ngazi, na mjukuu anayechelewa kazini, na haya ya kumwamsha mtu usiku wa manane amshike mkono. Alipoanguka mara ya kwanza kila mtu alifanya kazi yake vizuri kabisa, na ndiyo maana akaanguka mara ya pili.

Hapa ndipo nataka wanafunzi wanisikilize. Kuna aina ya utafiti ambao umeanzishwa kwa ajili ya jambo hili hasa: kukutanisha fani mbalimbali, madaktari, wahandisi, wachumi, watu wa elimu ya jamii, wasanifu wa majengo, hata watu wa fasihi na sanaa, wakamtazama mzee mmoja kwa pamoja. Uingereza walianza na mpango wa mwaka 1999 hadi 2004 uliokuwa na miradi 24 juu ya ubora wa maisha ya uzeeni. Kisha ukafuata mpango mkubwa zaidi, wa mwaka 2005 hadi 2013, chini ya Profesa Alan Walker wa Chuo Kikuu cha Sheffield, uliobebwa na mabaraza matano ya utafiti kwa pamoja: la uchumi na jamii, la uhandisi na fizikia, la baiolojia, la tiba, na la sanaa na elimu za utu. Mabaraza ambayo kwa kawaida kila moja lina mlango wake na mfuko wake!

Mtasema, haya, walikaa miaka minane wakaleta nini? Nitatoa mfano mmoja tu, na samahani kwa wenye kuona haya, lakini hakuna haya katika kutafuta elimu. Mradi mmoja, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Brunel, ulishughulikia mkojo. Naam, mkojo. Wazee wasioweza kuuzuia. Hili ni jambo ambalo daktari peke yake hawezi kulimaliza, kwa sababu mzee hamwambii daktari. Mhandisi hawezi, kwa sababu hajui mzee anaogopa nini. Walipokaa pamoja wakagundua kwamba sehemu ya ugonjwa iko nje ya mwili kabisa: iko barabarani, kwamba mzee hatoki nyumbani kwa sababu hajui choo kiko wapi. Na mojawapo ya matunda ya mradi ule ni ramani ya vyoo vya umma ya nchi nzima, kwenye intaneti, iliyotengenezwa na watafiti wa chuo cha sanaa cha Royal College of Art. Mzee anafungua, anaona njia yake ina vyoo vingapi, anavaa viatu anatoka.

Sasa ndugu zangu, ni wazee wangapi wa mtaa wenu wameacha kuja msikitini, na sisi tukasema “miguu imechoka”? Ni mama wangapi hawaendi tena harusini, tukasema “ameshakinai dunia”? Umewahi kumuuliza? Pengine miguu yake ni mizima. Pengine anaogopa udhu utamtoka katikati ya jamaa za watu, na choo cha pale ni cha kuchutama, hakina hata bomba la kushikilia ukutani, na sakafu imerowa. Nimeona kamati zikichanga mamilioni kwa vigae na vipaza sauti. Sijaona harambee ya choo kimoja cha kukalia na benchi la kutawadhia. Wanakamati wengi ni watu wenye mvi, tena, na wenyewe wanafika nyumbani mbio mbio kila baada ya swala. Semeni basi! Mnamuonea haya nani?

Turudi kwenye swali lenyewe. Tumejipimia kwa kipimo kimoja tu, nacho ni mzee analala wapi. Akilala chini ya paa letu, tumefaulu. Akilala pengine, tumefeli. Lakini watafiti waliuliza swali jingine: maisha ya mzee yana ubora gani, kwa kauli yake mwenyewe? Mwaka 2003 wataalamu wanne wa Kiingereza, Hyde, Wiggins, Higgs na Blane, walitoa kipimo cha maswali 19 ambacho hakikuulizi una magonjwa mangapi wala unalala wapi. Kinauliza mambo manne: kama mtu anaona ana mamlaka juu ya maisha yake, kama ana uhuru wa kufanya anayoyataka, kama anafurahia siku zake, na kama bado anajiona mtu mwenye kusonga mbele. Kipimo hicho kimetumika katika uchunguzi mkubwa wa England ambao tangu mwaka 2002 unawafuatilia watu wenye miaka 50 na kuendelea, kila baada ya miaka miwili hivi.

Yule mtoto wa dadangu alikuja na maswali hayo nyumbani. Nikayapitia moja moja, nikafika kwenye linalouliza kama majukumu ya familia yanamzuia mtu kufanya anayotaka kuyafanya. Nikacheka kwa sauti. Nikamwambia, “Mwanangu, hapa sasa ndipo utakapoona Uzungu. Familia kwao ni kizuizi! Swali hili kwetu halina maana.”

Akanijibu kwa adabu, “Mjomba, kwa nini tusimuulize nyanya mwenyewe?”

Tukamuuliza. Nilitarajia acheke pamoja nami. Alinyamaza. Akawa anakunja ncha ya leso yake, anaikunjua. Kisha akasema, “Hawa watoto nawapenda. Lakini tangu waletwe sijakwenda kwa dadangu Lamu. Huu mwaka wa tatu.”

Watoto wanaozungumzwa ni wa kakangu, watatu, ambaye yeye na mkewe wanafanya kazi Ghuba. Waliletwa “wakae na nyanya kidogo.” Na mimi kwa miaka mitatu yote hiyo nilikuwa nikisimama mbele za watu kusema kwamba sisi tunawatunza wazee wetu. Nani alikuwa anamtunza nani? Mama mwenye presha na mkono uliounga kombo anaamka alfajiri kuwapikia watoto watatu uji, anawapeleka madrasa, anawafulia, na sisi tunaihesabu hali hiyo katika daftari la hisani zetu kwake!

Wala si nyumbani kwangu tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, wakiwa na wenzao wa Tanzania, walichunguza matunzo ya wazee katika pwani ya Tanzania, watu wa tiba na watu wa elimu ya mila kwa pamoja. Mmoja wao, Piet van Eeuwijk, mwaka 2016 alichapisha habari ya jambo ambalo sote tunalijua na hatulitaji: wazee wanaotunzwa na wazee wenzao. Mke wa miaka 68 anamgeuza kitandani mume wa miaka 80. Dada mkubwa anamuogesha mdogo wake aliyepooza. Vijana wako wapi? Wako kazini, wako mjini, wako ng’ambo. Mwenzake, Sandra Staudacher, alifanya utafiti juu ya uzee na matunzo Unguja na vilevile Muscat, kwa sababu familia zetu nyingi mguu mmoja uko huku na mmoja uko kule. Huko Ghuba ndiko zinakotoka fedha. Fedha ni kitu kikubwa, sizibezi, dawa hazinunuliwi kwa dua peke yake. Lakini M-Pesa haimshiki mtu mkono kwenye ngazi.

Mholanzi mmoja, Sjaak van der Geest, alikaa miaka akirudi rudi katika mji wa Kwahu-Tafo, Ghana, akizungumza na wazee. Alikuta heshima kubwa ya mdomoni, salamu za adabu, na mazishi ya fahari ambayo familia hutumia fedha nyingi kuyafanya. Na mzee huyo huyo, alipokuwa hai, anashinda peke yake bila mtu wa kukaa naye. Niliposoma habari hiyo nilifikiri amepita kwetu. Sitaki kuingia katika mjadala wa hitma, kila mtu na msimamo wake na masheikhe wetu wameshayasema. Nauliza tu kuhusu hesabu za sufuria. Mzee aliyekuwa anakunywa chai kavu na mkate wa jana, akifa huchinjiwa ng’ombe, na wapwa kutoka Nairobi wanakodi basi zima. Lile basi lingeweza kuja na mtu mmoja mmoja, wiki moja moja, akiwa hai.

Lipo pingamizi jingine, na hili nalisikia zaidi kwa wasomi wetu: kwamba tafiti za uzee ni anasa za nchi tajiri zenye wazee wengi, sisi ni mataifa ya vijana. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu wenye miaka 60 na zaidi wapatao milioni 2.7. Hao si wachache, ni zaidi ya watu wote wa kaunti ya Mombasa mara mbili. Wala si kweli kwamba haijafanyika kwetu. Mwaka 2006 na 2007, katika uchunguzi ulioshirikisha Shirika la Afya Duniani, watu wa miaka 50 na zaidi waliulizwa juu ya afya na ubora wa maisha yao katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, Nairobi, na vilevile Ifakara, Tanzania, pamoja na sehemu nyingine za Afrika na Asia. Kwa jumla wanawake walieleza hali mbaya kuliko wanaume. Wale tunaowaita “mama, pepo iko chini ya nyayo zake,” ndio waliosema wako vibaya zaidi! Ni nani kati yetu alilitaja hilo kwenye mhadhara?

Serikali nazo zisijifiche nyuma ya wake wa wana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia yake NA kutoka kwa serikali. Hilo “na” lina uzito wake. Zanzibar walianza mwezi wa Aprili 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, bila kumuuliza kama ni maskini au tajiri. Kenya ikafuata mwaka 2018, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa waliofika 70. Ni hatua, tuseme ukweli. Lakini shilingi 2,000, ambazo zimewahi kuchelewa miezi, ni bei ya nini? Mwenye presha na sukari anajua jibu.

Neno ninaloliogopa kuliko yote lakini si la serikali. Ni hili: “uzee tu huo.” Mama haoni vizuri, uzee tu huo. Kumbe ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji mfupi na mtu akarudi nyumbani siku ile ile. Mzee amekuwa mzito wa kusikia, hajibu anapoitwa, tunasema amekuwa mkali. Mzee anasahau njia ya nyumbani, tunasema amerogwa, au, Kilifi, tunasema yeye ndiye anayeroga. Daktari Mmarekani Robert Butler mwaka 1969 alitoa jina la tabia hii ya kumbagua mtu kwa umri wake, kama vile watu wanavyobaguliwa kwa rangi. Sisi ambao tumeonja ubaguzi wa kila aina tulipaswa kuitambua haraka zaidi.

Kwa hiyo wanafunzi wetu, nyinyi mnaosoma udaktari, na nyinyi wa uhandisi, na wewe wa takwimu ambaye kila Eid unaulizwa na wajomba “hiyo takwimu utakula?” Mnakutana kila Ijumaa kwenye jumuiya ya wanafunzi. Badala ya mjadala wa kila muhula ule ule, chukueni mtaa mmoja. Nyumba mia moja. Ulizeni wazee, si watoto wao, na mkiwauliza, mtoto asiwepo chumbani, kwa sababu mbele ya mtoto kila mama atasema “alhamdulillah, wananitunza.” Pimeni ngazi. Tazameni saa za kumeza dawa. Hesabuni vyoo vya misikiti. Maswali 19 ya Waingereza myachukue, mengine mtayatupa, na mengine hayamo kabisa na itabidi myatunge nyinyi: nani anamsomea barua na ujumbe wa simu, lini mara ya mwisho alishauriwa kabla ya kuozwa mjukuu, ana shilingi ngapi za kutoa sadaka kwa mkono wake mwenyewe. Kisha karatasi hiyo ileteni msikitini isomwe, mahali pa yale maneno ya “kwetu hakuna.” Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kuzeeka kwa afya. Na miaka inapita.

Mimi nimeshalipa kidogo katika deni langu. Daktari tulipomuuliza alisema ile dawa ya maji ingeweza kumezwa asubuhi tangu siku ya kwanza, hakuna aliyemuuliza. Fundi alitia bomba la kushikilia kwenye ngazi, kazi ya nusu siku. Taa tuliyoiweka ni ya kuwaka usiku kucha, na tokeni hazikumalizika kama tulivyoogopa. Kakangu alipigiwa simu, maneno yakawa makali kidogo, lakini mkewe amerudi na watoto wako naye. Mama akapanda basi la Lamu. Alipofika kwa dadake alitupigia kutuarifu kwamba wamevuka salama kutoka Mokowe, bahari shwari. Nikangoja aniulize kama watoto wamekula. Hakuniuliza. Alisema ana haraka, wanataka kutoka.

Wabillahi tawfiq.